Mzee Kopo na Neno Lake Moja

Kilima chetu hakina sifa yoyote. Si kirefu kiasi cha kujivunia, hakina miti wala pango, na ukifika juu huoni kitu kwa sababu ukungu umefika kabla yako. Ni nyasi za mashada, udongo mweusi unaokula viatu, na upepo usiojua kupumzika. Wageni wachache wanaofika mjini kwetu hupelekwa upande wa pili, ziwani, wakapigwe picha. Kilimani haendi mtu, isipokuwa aliyepotelewa na ng'ombe, na baba yangu.

Baba alikipanda kila Jumatatu na kila Alhamisi kwa miaka thelathini na mmoja. Saa mbili na nusu kupanda, saa mbili kushuka, magoti yakikubali. Juu kabisa palikuwa na kopo la shaba lililofukiwa nusu ardhini, lenye faneli mdomoni na chupa tumboni. Kazi yake ilikuwa kulifungua, kumimina maji ya mvua kwenye kipimio cha kioo, kusoma ni milimita ngapi, kuandika daftarini, kisha kurudi nyumbani. Kila mwisho wa mwezi alituma daftari ofisini. Ndiyo kazi nzima. Watoto wa mtaa wetu walimbatiza Mzee Kopo, na jina likamganda hata wakubwa wakasahau la kwake. Hakuchukia. Baba si mtu wa kuchukia. Kazi hiyo kaniachia mimi.

Mimi ni fundi cherehani. Chumba changu kinatazama barabara, na baba anaishi chumba cha nyuma, mlango kwa mlango. Barua ilipokuja, Jumanne moja asubuhi, nilikuwa nakunja pindo za suruali za sare, thelathini na sita za kipimo kimoja, kana kwamba watoto wote wa shule ile wana kiuno kimoja. Tarishi aliipitisha dirishani. Baba akaketi kwenye stuli ya wateja, akanipa nimsomee, maana miwani yake ina ufa jicho la kulia.

Barua ilikuwa na adabu. Zile barua mbaya huwa na adabu kuliko zote. Ilisema kituo cha kilimani kitafungwa kwa kuwa kumbukumbu zake hazitegemeki. Ilisema mpimaji, katika miaka yake ya utumishi, hakufika kituoni mara elfu moja mia nne na kumi na mbili. Kwa hiyo kumbukumbu zote za miaka thelathini na mmoja zitafutwa, na afisa atakuja Alhamisi ya wiki inayofuata kung'oa kopo na kumpa mpimaji fomu atie saini kwamba anakubali. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, iliongeza kwamba mpimaji akiwa na pingamizi, alete uthibitisho wa walau siku moja kati ya hizo, yaani karatasi yenye tarehe na shahidi wa kuitetea. Ikipatikana siku moja ya kweli, ofisi italazimika kupitia upya zote.

Baba aliikodolea barua macho mpaka pasi yangu ikaanza kuunguza nguo.

"Elfu moja mia nne na kumi na mbili," akasema. "Hizo ni siku za kiangazi."

"Kiangazi kimefanya nini?"

"Ni zile siku za hakuna, mama. Wamezisoma vibaya."

Hapo nikaelewa, na wewe ungekuwa wa mtaa wetu ungeelewa papo hapo. Mpimaji aliyemtangulia baba alikuwa mzee mkali aliyeamini kila mtu ni mwizi mpaka athibitishe vinginevyo. Alimfundisha baba hivi: kopo likiwa kavu, usiandike sifuri. Sifuri ni mlango ulioachwa wazi. Mtu mwenye kalamu na nia mbaya akiitia mkia juu inakuwa sita, akiitia mkia chini inakuwa tisa, akitanguliza moja inakuwa kumi, na mvua ambayo Mungu hakuileta inakuwa imenyesha ofisini. Andika neno. Neno halichezewi. Basi baba, kila alipokuta kopo kavu, aliandika kwa mwandiko wake wa kusimama wima: Hakuna. Na siku ambayo hakwenda kabisa, aliandika: Sikupanda, na sababu yake. Siku za sikupanda katika miaka yote ile zilikuwa nne. Mbili za homa, moja ya mafuriko, na moja aliandika, "Sikupanda. Mtoto." Mtoto huyo ni mimi.

Neno lile lilikuwa la nyumbani kwetu kabla ya kuwa la ofisi. Akirudi kilimani alisimama mlangoni, akiwa bado na tope mpaka magotini, akatangaza kipimo ili mama amsikie jikoni. "Ishirini na mbili! Kilima kimeoga!" Mama alijibu, "Tumesikia, vua viatu." Siku za kiangazi alisema tu, "Hakuna." Mama alijibu, "Basi karibu hivyo hivyo." Watoto wa mtaa walilishika. Ukimtuma mtoto dukani akakosa sukari, alirudi akijitia sauti nzito ya baba: "Hakuna!" Jirani yetu fundi viatu alizoea kumchokoza kwamba debe tupu haliachi kuvuma, na baba humjibu kwamba la kwake limekaa kimya miaka yote na bado linasemwa. Na ukitaka kumuudhi, mwambie dalili ya mvua ni mawingu. "Uongo huo," husema. "Dalili ya mvua ni maji ndani ya kopo."

Mtaa mzima ulijua kwamba hakuna maana yake Mzee Kopo amekwenda, amefika, amefungua, hakukuta maji. Walioshindwa kujua ni wale aliokuwa akiwaandikia.

"Siku moja tu," nikamwambia. "Wanataka siku moja."

"Nitaitoa wapi? Kule juu shahidi wangu ni kunguru."

Nikarudi kwenye pindo zangu, kwa sababu siku hiyo nilikuwa nayo mimi. Ilikuwa kwenye droo ya cherehani, chini ya bobini na mabaki ya zipu, kwenye karatasi niliyoiweka miaka kumi na mmoja bila kumwonyesha mtu.

Ilikuwa Alhamisi. Nilikuwa na miaka kumi na minane. Mama alikuwa amelala chumba cha nyuma, figo zimekwisha, uso umevimba, na muuguzi wa zahanati alikuwa ametuambia jana yake, mbele ya baba, kwamba ni leo au kesho. Asubuhi baba alikunywa chai yake amesimama, akavaa koti, akachukua mfuko wa turubai niliomshonea. Nikadhani ananitania.

"Unakwenda?"

"Ni Alhamisi," akasema. "Saa sita nitakuwa nimerudi."

Mama alimuulizia saa nne: amerudi? Nikamwambia yuko njiani. Akauliza saa sita, nikamwambia namsikia mlangoni. Nilimdanganya mama yangu akiwa anakufa, na sijawahi kumsamehe baba kwa uongo ule, maana aliyesababisha niuseme ni yeye. Saa saba kasoro robo akakata roho, mkono wake mkononi mwangu, na muuguzi akaketi ukingoni mwa kitanda akajaza fomu yake ya kifo. Kwenye nafasi ya aliyekuwapo akaandika: binti. Akauliza, "Na mume?" Nikamjibu. Akaandika: yuko kazini, kilimani. Akaniachia nakala.

Baba alifika saa nane. Akasimama mlangoni na tope lake, na kwa mazoea tu, ulimi ukitangulia akili, akasema, "Hakuna."

Nikamwambia, "Na mama hayupo."

Tangu hapo tunaishi vizuri. Nampikia, nampigia pasi mashati, namwamkia kila asubuhi. Lakini tukikosana, hata kwa jambo la chumvi, nitalizungusha mpaka nifike kwenye Alhamisi ile, na yeye hunyamaza. Hakuwahi kusema samahani. Hakuwahi kusema lolote. Nilishaweka karatasi ile kama mtu anavyoweka jiwe mfukoni akimngojea adui, na sasa, ona mambo, ndiyo peke yake duniani iliyoweza kumwokoa.

Afisa alikuja Alhamisi kama barua ilivyosema. Nilijiandaa kumchukia, akaniharibia. Alikuwa binti wa rika langu, mwenye viatu vilivyokwisha kutembea na mkoba mdogo wa mgongoni, na neno lake la kwanza mlangoni lilikuwa shikamoo. Baba akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu aliyekuja kuchukuliwa vipimo vya sanda.

"Mzee, si lazima upande," akamwambia. "Nielekeze tu, kopo nitalitoa mwenyewe."

"Hutaliona," baba akasema. "Twende."

Nikafunga chumba, nikaandika kwenye kibao "Fundi katoka", nikaifunga karatasi yangu kwenye mfuko wa nailoni na kuitia kifuani. Sikumwambia baba. Niliwaza nitaitoa kule juu, mbele ya kopo lake, kwa sababu mambo ya kutoa hutolewa penye shahidi. Na kama nitasema kweli, nilitaka pia aone jinsi inavyouma kuokolewa na kitu kilekile.

Barabara ya lami inaishia nyumba ya mwisho, halafu kuna geti la ng'ombe lililofungwa kwa waya. Baada ya hapo mji unakatika ghafla. Sauti za pikipiki zikabaki nyuma, na mbele yetu ikawa ile nyika ya juu, rangi ya gunia kuukuu, ikipanda taratibu mpaka inapomezwa na ukungu. Mimi nilikuwa sijaikanyaga tangu utoto. Baba akatangulia na fimbo yake, afisa katikati, mimi nyuma.

Baada ya nusu saa afisa akasimama.

"Mzee, kumbe kuna njia!"

Ilikuwepo. Ilikuwa nyembamba, upana wa kiatu kimoja na nusu, imechimbika mpaka kwenye vifundo vya miguu na mahali pengine mpaka katikati ya goti, kingo zake zimekatwa sawasawa kama nimezipitishia mkasi. Ilikwepa kila dimbwi. Penye kijito ilikwenda moja kwa moja kwenye mawe matatu ya kukanyagia. Penye mwinuko ilijikunja mara mbili na kunyooka tena.

"Nani anapita hapa?" afisa akauliza.

"Mimi."

"Na nani mwingine?"

Baba akamgeukia asielewe swali. "Mwingine nani?"

Afisa akatoa simu, akaipiga picha njia ile, akapiga na nyingine ameinama. Mimi nilisimama ndani yake, miguu yangu miwili haitoshi kukaa sambamba, na kwa mara ya kwanza nikaona baba alichokuwa akifanya nilipokuwa shuleni, nilipokuwa nikijifunza kushona, nilipokuwa nikimnunia. Alikuwa akichimba mtaro kwa miguu yake, mara mbili kwa wiki.

"Basi huo si ushahidi?" nikamuuliza afisa. "Mtu asiyekwenda atachimba hivi?"

Akarudisha simu mfukoni. Nilimwona ana haya. "Mimi nakubali, dada. Lakini njia haina tarehe."

Tukaendelea. Akatueleza akiwa anahema, bila kuzunguka, na kwa hilo namheshimu. Madaftari ya vituo vyote yalihamishiwa kwenye kompyuta na vijana wa mkataba. Kompyuta inapokea namba tu. Wakikuta namba wanaingiza, wakikuta neno wanaacha wazi. Na pakiwa wazi, mashine inahesabu kwamba mpimaji hakufika.

"Lakini niliandika," baba akasema. "Niliandika hakuna."

"Hakuna nini, mzee?"

"Hakuna maji! Ningeandika hakuna nini kingine?"

"Wao walisoma hakuna kipimo."

Baba akatembea hatua kama kumi. "Na madaftari yenyewe? Si yafunguliwe, mwone na zile nilizoandika sikupanda? Mtu haandiki maneno mawili kwa jambo moja."

"Yaliharibika, mzee. Stoo ilivuja, mvua ikayalowanisha yote."

Baba akageuka, akamtazama kwa makini sana. "Milimita ngapi?"

Afisa akacheka kabla hajajizuia, nami nikacheka, na baba mwenyewe mabega yakamtikisika. Kilikuwa kicheko kibaya. Kilipokwisha, upepo ulisikika zaidi.

Kilima kile kina tabia ya uongo. Unadhani umefika juu, unainua macho, kuna juu nyingine. Baba ameziita Juu ya Kwanza, ya Pili na ya Tatu, na kopo liko ya Tatu. Baada ya Juu ya Pili kuna jiwe bapa, peke yake kwenye nyasi, kubwa kama meza yangu ya kukatia. Magoti yakawa yamemchosha baba, akaketi. Afisa akasema atatangulia kidogo akajaze chupa yake kijitoni. Tukabaki wawili.

Baba akapiga jiwe kwa kiganja, kama mtu anayemwonyesha mgeni kiti. "Ndipo nilipokaa siku ile."

Sikuuliza siku gani. Kwetu kuna siku ile moja tu.

"Wakati wa kupanda?"

"Wa kushuka. Nilishapima, saa nne haijafika. Ningekuwa nyumbani saa sita kama nilivyosema." Alikuwa akiangalia fimbo yake. "Nikakaa hapa. Nikasema nikishuka nitamkuta amekufa. Nikikaa, bado hajafa. Nikakaa saa mbili."

Miaka kumi na mmoja niliamini alikwenda kwa ajili ya kazi, na kwa ubaya wote wa jambo lile, lilikuwa na sura ya wajibu. Mtu angeweza kusema yule mzee ni mtumwa wa Alhamisi zake, basi. Kumbe wajibu uliisha kabla ya saa nne. Yaliyobaki yalikuwa woga. Saa mbili zile, mimi niko kule chini nasema namsikia mlangoni.

"Uliketi," nikasema. "Umeketi kwenye jiwe, na mimi namdanganya mama kwamba unavua viatu."

"Ndiyo."

"Alikuulizia mara mbili, baba."

"Ndiyo, mama."

Nilitaka abishe. Nilitaka aseme lolote lenye ukali ili nipate pa kushika. Alisema ndiyo tu, mara mbili, akatia fimbo chini akainuka, na alipoyumba nikamshika mkono, maana nifanyeje, ni baba yangu. Hivyo ndivyo tulivyofika Juu ya Tatu, nimemshika kama pingu.

Nilitarajia kituo kiwe kitu. Palikuwa na uzio wa nyaya nne wenye ukubwa wa kitanda, na katikati kopo limekaa ardhini, shaba yake imegeuka kijani isipokuwa mdomoni, mahali vidole vya baba vilipolishika mara zote zile. Hapo paling'aa. Ukungu ulipita katikati yetu. Nyasi zote zilikuwa zimelowa, suruali zetu zimelowa, nywele zetu zimelowa, na baba alipoinua faneli na kupindua chupa juu ya kipimio, halikutoka hata tone. Hivyo ndivyo kilima kile kilivyo wakati wa kiangazi. Unyevu kila mahali, na kopo kavu.

"Mzee, hiki ndicho kipimo cha mwisho," afisa akasema, kishikwambi chake mkononi. "Niandike ngapi?"

Baba akapangusa kipimio kwa ncha ya shati. "Andika sifuri. Si namba ndiyo mnataka."

Akaandika. Ndipo akatoa fomu, kurasa kadhaa zilizojaa tarehe kwa maandishi madogo kama chawa, na ya mwisho ikiwa na nafasi mbili: saini ya mpimaji, na chini yake, maelezo ya pingamizi. Akaziweka juu ya mkoba wake, akapiga magoti kwenye tope bila kujali.

"Mzee wangu, nisikilize. Mimi nimeiona hiyo njia. Nikirudi na saini yako tu, wanafuta yote, na mimi sina la kufanya. Nipe siku moja. Harusi, msiba, kesi, chochote chenye karatasi. Moja tu, na ninakuapia nitawasumbua mpaka waingize sifuri elfu moja mia nne."

Nikafungua vifungo viwili, nikatoa mfuko wa nailoni. Nikampa afisa karatasi ya muuguzi.

Akaisoma. Akapitisha kidole kwenye orodha yake, ukurasa wa tisa, wa kumi, akasimama. "Alhamisi. Ipo! Imeandikwa hakufika." Akasoma tena karatasi kwa sauti. "Aliyekuwapo, binti. Mume, yuko kazini, kilimani. Saini ya muuguzi na muhuri." Akainua uso, macho yamemjaa furaha, halafu furaha ikamkauka alipofika kwenye maana ya karatasi aliyoishika. "Poleni sana," akasema polepole. "Lakini mzee, hii inatosha. Hii inarudisha kila kitu."

"Nione," baba akasema.

Hakuwa amewahi kuiona. Aliishika mbali na uso, akaipeleka kwenye jicho zima, akaisoma kwa muda mrefu kuliko maneno yaliyokuwamo. Kidole gumba chake kilisimama juu ya neno binti. Kisha akaikunja mara nne kufuata mikunjo yangu ya zamani.

"Huyu muuguzi alikosea," akasema.

"Samahani?"

"Siku ile sikupanda. Mke wangu alikuwa anakufa. Nilikuwa nyumbani."

Afisa akamtazama, akanitazama. "Mzee, karatasi inasema..."

"Nimesoma inachosema. Orodha yako inasemaje?"

"Inasema hukufika."

"Basi orodha yako haina kosa. Iandike vizuri." Alikuwa amenyooka kama mwandiko wake. "Sikupanda. Nilikuwa kitandani kwake, nimemshika mkono. Acha isomeke hivyo."

Mtu huyu hakuwahi kuandika kipimo cha uongo. Watu wa mashamba walimwomba, wengine walimjia na kuku, aongeze au apunguze tone moja, akakataa. Miaka thelathini na mmoja, kwenye jua na kwenye radi, na uongo wake wa kwanza aliusemea hapo, mbele ya kopo lenyewe, na aliununua kwa kazi yake yote. Niliona anachofanya. Alikuwa ananiomba samahani. Miaka yote niliyoingojea, na alipoileta aliileta kwa mtu wa ofisini, kwenye tope, kwa maneno ambayo mimi peke yangu duniani nilijua si ya kweli.

Nilimwonea huruma na nilimkasirikia, yote mawili kwa nguvu moja. Nilitaka kumpigia kelele: rudisha karatasi, mzee mpumbavu, mama hafufuki kwa fomu! Ulipanda, nilijua ulipanda, nimekuchukia kwa kupanda! Neno langu moja tu, na kila Jumatatu na kila Alhamisi ya maisha yake ingerudi mahali pake. Na neno hilohilo lingemtoa kitandani kwa mama, limrudishe kwenye jiwe lake.

Afisa naye alilingoja neno hilo, maana alinigeukia, kalamu ikiwa juu ya nafasi ya pingamizi.

"Dada, wewe ndiye uliyekuwapo. Ndiye shahidi. Una lolote la kusema?"

Baba hakunitazama. Alikuwa ameinamia kopo, anapangusa mdomo wake kwa kidole, pale palipong'aa.

"Hakuna," nikasema.

Afisa alingoja kidogo, labda nitaongeza. Kisha akafunika kalamu, akaiacha nafasi ile wazi.